Vizibo Sitini na Vinne

Nusu ya mkate ni mkate. Nusu ya maji ni maji. Hata nusu ya sala, nadhani, ni sala, maana nimewahi kusinzia katikati ya rozari nikaamka moyo ukiwa mwepesi. Lakini nusu ya mtu si mtu, wala si kitu kingine. Ni shimo lenye umbo lake. Hilo sikulijua nilipoanza shule. Nilianza nikiwa na miaka hamsini na mitatu, na nilianza kwa sababu ya tangazo.

Katika mji ule jua lilikuwa limesimama. Lilifika saa kumi na moja za jioni, likakaa juu ya paa la Nyumba, likakataa kushuka, nasi tukazoea kuishi katika jioni isiyozaa usiku. Vivuli vyetu vilikuwa virefu kuliko sisi na havikufupika. Siku zilihesabiwa kwa kengele. Kati ya kengele na kengele hakuna aliyejua kama umepita mwezi mzima au ni muda wa kuivisha maharage. Mimi nilipima kwa rozari, na mara nyingine rozari moja ilirefuka kiasi kwamba kucha zangu zilihitaji kukatwa kabla sijamaliza tendo la tatu.

Nyumba haikuwa na dirisha hata moja. Watu sitini na wanne waliingizwa humo siku moja, kila mmoja kwa kosa lake ambalo hakuambiwa. Mume wangu, Longino, alikuwa wa kumi na tisa kwenye mstari. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani ya sokoni, na nafikiri kosa lake ni kwamba alisema mbele za watu kuwa mizani ya mji inalalia upande mmoja. Aliondoka amevaa sweta yangu, ya zambarau yenye maua kifuani, kwa sababu yake ilikuwa kambani haijakauka. Niliona aibu kwa niaba yake. Fikiria: mumeo anachukuliwa, nawe unawaza maua ya kifuani.

Tuliobaki tukaenda mlangoni. Tukakuta karatasi imebandikwa:

WATU WENU WAMO NDANI YA RISASI. ATAKAYEJUA HESABU ATAFUNGULIWA.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alisoma mpaka kwenye neno risasi, akaanguka chali. Nyuma yangu pakazuka yowe. Wamewaua. Wamewamaliza. Nami nililia, nikavua kitambaa changu cha kichwa nikajifunga kiunoni kama ilivyo desturi kwetu mtu anapofiwa. Tulilia mpaka kengele ikagonga, ndipo akaja mtu mwembamba mwenye chaki kwenye pindo za mikono ya shati, akasimama juu ya tofali.

"Si hiyo," alisema. "Jamani, nyamazeni. Si hiyo. Risasi ni madini. Ni madini mazito ya kijivu. Kuta za Nyumba zimefunikwa kwa hayo."

"Ya nini?" akauliza mmoja.

"Yanakinga."

"Yanakinga?"

"Yanakinga, mama."

Tukafuta machozi. Tukachekeana kwa aibu, kama watu waliokwenda kulia kwenye msiba usio wao. Hakuna aliyeuliza yanamkinga nani, wala dhidi ya nini. Lugha yetu ni maskini hapo, au labda ni tajiri kupita kiasi: madini na mauti imeyapa jina moja, ikatuachia wenyewe kuchagua. Sisi tulichagua madini.

Mtu yule alikuwa Mwalimu Fokas. Alisema hesabu inayotakiwa mlangoni ni ya kemia, kwamba atatufundisha bure katika ghala la mahindi lililo ubavuni mwa Nyumba, na kwamba kila kengele itatanguliwa na zoezi moja. Tuliingia sitini na wanne, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake.

*

"Weye mtawa, sogea."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kusuka mikeka, na kanga iliyonukia udi. Jina lake lilikuwa Kidawa.

"Mimi si mtawa," nikamwambia. "Nina mume."

"Mume kafungiwa ukutani, shanga ziko shingoni. Kama hujawa mtawa basi u njiani. Sogea, shoga, nami nina makalio."

Nikasogea. Alikuwa amemfuata kaka yake, Machano. "Tumbo moja, ziwa moja," aliniambia. "Hajui hata kukoroga uji. Humo ndani atakufa na njaa mbele ya sufuria." Hakuwahi kuniita kwa jina langu, hata mara moja. Kwake nilikuwa mtawa, au nilikuwa shoga.

Somo la kwanza mwalimu alikuja na sinia na mfuko wa vizibo vya soda. Akavimwaga, vikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Vilikuwa sitini na vinne. Akatuambia kuna jiwe linaloitwa urani ambalo hupungua lenyewe, bila kuguswa, bila kusuguliwa, na baada ya kupungua sana huwa kitu kingine. Muda linaotumia kupungua hadi nusu huitwa nusu-uhai. Nililirudia neno hilo mdomoni. Nusu. Uhai. Nilikuwa nimesikia uhai wa milele kila Jumapili tangu utoto. Sikuwa nimejua kwamba upo na huo mwingine.

"Basi," akasema mwalimu, "tukiwa na sitini na vinne, zikapita nusu-uhai mbili, vinabaki vingapi?"

Nilinyoosha mkono kabla ya wote. Nilikuwa na bidii ya mtu aliyechelewa.

"Sifuri, mwalimu. Kengele ya kwanza imechukua nusu, ya pili inachukua nusu ya pili. Nusu na nusu ni nzima."

Ghala zima likacheka. Kidawa akanipiga kofi la mgongo. "Mtawa kamaliza kazi! Kafagia sinia!" Yule mwanamke aliyeanguka mlangoni peke yake hakucheka.

"Nusu ya kilichobaki, mama," akasema mwalimu kwa upole. "Si nusu ya kilichokuwapo. Kengele haikumbuki mwanzo."

Akalitikisa sinia, vizibo vikaruka na kutua. Vilivyotua chali akavitoa. Vikabaki thelathini na viwili. Akatikisa tena, akatoa vilivyolala chali, vikabaki kumi na sita.

"Utajuaje ni kipi kitalala chali?" nikamuuliza.

"Hujui. Ukikishika kimoja ukakiuliza, hakina jibu. Ukiviuliza vyote pamoja, vinakujibu: nusu. Sheria hii haimjui mmoja, inawajua wengi tu."

"Na haitaisha?"

"Kwenye karatasi, mama, haiishi. Daima inabaki nusu ya kitu."

Nilibeba maneno hayo kifuani mpaka nyumbani, nikapiga magoti juu ya gunia, nikasema: Bwana, asante, kumbe umeweka sheria ipunguzayo bila kumaliza. Leo nikikumbuka shukrani ile, magoti huniuma. Mtawala anayelijua jina lako anaweza kukuchukia, na kwa hiyo anaweza pia kukuhurumia. Unaweza kumpelekea kuku, unaweza kumlilia miguuni. Lakini mtawala anayejua nusu tu utamlilia wapi? Hakuchukii. Hajawahi kukusikia. Ameagiza thelathini na mbili, na ndani ya thelathini na mbili kuna nafasi yenye umbo lako, au haipo.

Zoezi letu la kwanza liliandikwa ubaoni: *Sitini na nne. Kengele moja. Baki ngapi?* Niliandika thelathini na mbili, nikachora mstari chini yake mara mbili. Mwalimu akakusanya karatasi kwenye kikapu, akaweka tiki nyekundu kwenye yangu, akaipeleka mlangoni mwa Nyumba. Kengele ikagonga.

Somo lililofuata tulikuwa thelathini na wawili.

"Wengine wamekata tamaa," tukasema. "Hesabu si ya kila mtu."

*

Tulifundishwa kusawazisha. Gesi mbili zinakutana, zinawaka, yanatoka maji. Ukiandika upande wa kushoto, una H mbili na O mbili. Upande wa kulia maji yana H mbili na O moja tu. O moja imepotea, na mwalimu alisema haiwezi kupotea.

"Kilichoingia lazima kitoke. Hakuna chembe inayopotea. Kama huioni upande wa pili, si kwamba haipo. Ni kwamba hujaiandika."

Nililiandika hilo kwenye jalada la ndani la kitabu changu cha sala, pembeni mwa jina la Longino.

Kisha nikaitwa ubaoni kusawazisha. Nikaona njia fupi. Chini ya ile O ya kwenye maji nikaongeza namba ndogo, mbili. Sasa pande zote zilikuwa sawa. Nikageuka, nikitarajia sifa.

"Ukiwapa wenye kiu hicho ulichoandika, koo zao zitaungua," akasema mwalimu. "Hayo si maji tena, mama. Namba ndogo ya chini huigusi. Hiyo ndiyo kitu chenyewe. Ukitaka kusawazisha, badili namba kubwa ya mbele. Sema ni wangapi. Usibadili ni nani."

Sema ni wangapi, usibadili ni nani. Nilirudi kwenye benchi na maneno hayo yakiwasha kama upupu. Ndani ya kila mtu kuna namba ndogo iliyoandikwa chini, pembeni, ambayo ukiigusa hana tena jina alilokuwa nalo. Na wakubwa wa dunia, nilifikiri, huwa hawaanzi na namba kubwa. Huanza na ile ndogo. Wanakuongezea hofu moja, wanakupunguzia rafiki mmoja, na asubuhi wewe ni sumu katika nyumba yako mwenyewe, ingawa ukijitazama bado u maji, bado hujabadilika rangi.

Siku nyingine alitufundisha kwamba vitu viwili vikikutana, kile kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua. Hapo sikuhitaji ubao. Nimepika ugali wa watoto mia nne katika shule ya masista kwa miaka thelathini. Unga ukiisha, hata uwe na maji pipa zima, ugali umeishia hapo. Maji yanabaki yanachemka peke yake.

Nilijua mimi ni kipi. Mimi nilikuwa yale maji.

*

Sasa nitasema yaliyotokea kati ya kengele ya pili na ya tano, ingawa siwezi kuyapanga. Yalipungua kadiri yalivyotokea.

Tulikuwa kumi na sita, na mwalimu akiita majina alisema "Perp", nusu ya jina langu. Nikaitika. Nilidhani ana mafua. Tulikuwa wanane, akasema "Pe". Tulikuwa wanne, akasema herufi moja tu, pumzi inayotoka midomo ikifunguka. Nikaitika na hiyo. Jina la Kidawa lilimshinda. Herufi sita zikifika tatu hazigawanyiki tena, na mwalimu akaona uvivu, akamwachia lote.

Longino naye alipungua ndani yangu. Sauti yake ilikwenda kwanza. Halafu jinsi alivyokuwa akipima chumvi kwa kiganja na kusema, "Hii ni gramu kumi, kabishane na mizani." Halafu uso wake, upande wa kushoto, ule wenye kovu. Kila kengele nilihesabu vilivyobaki. Mwisho nikabaki na sweta. Mwisho wa mwisho nikabaki na maua ya kifuani, na sikuwa na hakika tena kama niliyashona mimi au niliyaota.

Nikasali. Nilisali nikienda, nikirudi, nikiwa nimeshika chaki. Sikuomba atoke. Niliona hilo ni kubwa mno kwa mtu kama mimi. Niliomba kitu kidogo ambacho Mungu angeweza kukitoa bila kusumbuka: Bwana, nipe jibu sahihi.

Akanipa. Kila mara. Kumi na sita, tiki. Nane, tiki. Nne, tiki. Mbili, tiki. Hakuna sala yangu hata moja aliyoirudisha.

Na Kidawa akawa anapiga chabo. Shingo yake ilikuwa imezoea kuinama upande wangu mpaka kola ya gauni lake ilichakaa upande huo. Nikiandika nane, anaandika nane. Siku moja nilikosea mstari nikaandika tarehe mahali pa jibu, naye akaandika tarehe.

"Kidawa," nikamwambia tukiwa nje ya ghala, "kunakili jibu la mwenzio ni wizi."

"Wizi gani? Nikichukua chako, chako kimepungua? Si bado unacho?"

"Siku ya mlango, utafunguliwa kwa jibu la nani?"

Akalisokota pindo la kanga yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mie kichwa changu hakina pa kushikia namba, shoga. Zinateleza."

Basi nikamfundisha. Nilimwaga maharage kwenye mkeka wake, tukagawa, tukatoa, tukagawa. Nusu ya kilichobaki, si ya kilichokuwapo. Aliligeuza kuwa wimbo wa kusukia, akauimba njia nzima, na wanawake waliokuwa wakichota maji wakaudaka bila kujua ni wa nini. Nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwamba nimemtoa mtu dhambini.

Kisha kengele ya tano ikagonga, na kwenye mabenchi ya ghala lile tukabaki wawili. Mimi na yeye.

*

Huwezi kuketi kwenye ghala lenye mabenchi kumi na sita matupu usifikiri. Nilifika mapema kabla ya zoezi la sita, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni mlinganyo. Kushoto: sitini na wanne. Kulia: wawili, kujumlisha... Nikabaki nimeshika chaki. Kilichoingia lazima kitoke. Sitini na wawili nawaandika wapi? Na wale wenzangu walioacha shule, mbona waliacha nusu kwa nusu, kwa utaratibu, kama waliopangiwa? Yule mwanamke aliyeanguka, mbona aliacha siku ileile baada ya zoezi la kwanza, naye alikuwa ameandika vizuri kuliko wote?

Mwalimu Fokas alikuwa amesimama mlangoni. Sijui kwa muda gani.

"Mwalimu," nikasema, "vile vizibo unavyovitoa kwenye sinia vinakwenda wapi?"

Akaja, akavuta droo ya meza yake. Vilikuwamo. Akakigeuza kimoja. Ndani, pale penye mpira, palikwaruzwa jina kwa msumari. Akageuza kingine, na kingine. Sinia lilikuwa juu ya meza, na juu yake vizibo viwili. Sikuhitaji kuambiwa, lakini nilivigeuza. Longino. Machano.

"Mimi ninaandika swali tu," akasema. "Jibu mnalitoa ninyi. Kule ndani hawajui kugawa, mama. Wanajua kusoma tu. Wanasoma baki ni ngapi, wanaacha hao hai. Ndugu za waliozidi siwaiti tena darasani."

"Na mimi ndiye niliyepata kila mara."

"Ndiye."

"Kwa nini hukukataa?"

"Aliyekuwapo kabla yangu alikataa. Wakachukua wote kwa mara moja, naye juu yao. Hesabu yangu huacha nusu." Akafuta chaki kwenye pindo la shati, ikaenea zaidi. "Umewahi kupika. Hujui kwamba kuna siku kazi ya mpishi ni kuamua nani alale na njaa?"

Nilikuwa nikiona mistari yangu miwili chini ya kila jibu. Nilikuwa nikiona tiki.

"Lile jiwe," nikasema. "Urani. Likipungua, likapungua, mwisho huwa nini? Hukutumalizia."

"Risasi."

"Ipi?"

Akafunga droo taratibu. "Lugha yetu inalo neno moja tu."

Nje nilisikia wimbo wa kusukia ukija. Nikamshika mwalimu mkono. Nilimuuliza upesi, kama kuna njia. Akasema ipo, ndogo. Karatasi zote zikikubaliana, yeye hana cha kusahihisha. Atazipeleka zilivyo, na kule watasoma kilichoandikwa. Wawili tukiandika baki ni wawili, watabaki wawili.

"Na nikiandika hivyo peke yangu?"

"Itanibidi niweke tiki kwenye iliyo sahihi," akasema. "Mimi ni mwalimu."

Kidawa akaingia.

Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Mwalimu alikuwa bado hajagonga meza, na kabla ya meza kugongwa mtu huruhusiwa kusema. Sentensi moja: Kidawa, andika wawili. Lakini nikafikiri, mdomo wake hauna kizibo, atapiga kelele, karani anayepokea karatasi mlangoni atasikia. Nikafikiri, ya nini kumtia hofu, mbona daima hunakili kwangu? Nikafikiri, nitasali. Nikafumba macho, nikaitumia nafasi yangu kusali. Nilipofumbua, mkono wa mwalimu ulikuwa umeshagonga meza, na kuanzia hapo anayefungua mdomo karatasi yake huchanwa.

*Wawili. Kengele moja. Baki ngapi?*

Niliandika *wawili*. Niliiandika kubwa, karatasi nzima, nikaisogeza upande wake kama mtu anayemsogezea mgeni sahani. Nikasubiri ile shingo iiname.

Kidawa alivuta kanga yake kutoka begani, akaitanda katikati yetu kama pazia. Kupitia uwazi mdogo nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho, anatabasamu, mashavu yamejaa fahari. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga na yeye, kwa mzaha, kama tulivyokuwa tukifanya. Nikagonga benchi kwa kucha. Akatikisa kichwa: hapana, leo hapana. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na niliusoma wimbo kwenye midomo ile, neno kwa neno, nusu ya kilichobaki. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kalamu yake ikashuka, mstari mmoja mfupi, kutoka juu kwenda chini. Moja.

Mwalimu akakusanya. Kikapu kilikuwa na karatasi mbili.

"Umeona?" akasema Kidawa, maana sasa iliruhusiwa kusema. "Sikuangalia hata nukta. Ile dhambi uliyoniambia nimeitua, mtawa. Leo nikifunguliwa, nimefunguliwa kwa changu."

Mwalimu Fokas aliziweka karatasi mbili kandokando. Kwangu akapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa. Kwake akaweka tiki. Akaenda mlangoni, akarudi. Kengele ikagonga. Kizibo kimoja kati ya vile viwili kikaruka juu ya sinia chenyewe, kikatua chali, lakini kilikuwa kimetua mbali nami na sikwenda kukigeuza.

"Kidawa," mwalimu akaita. "Umejua hesabu."

Mlango wa Nyumba ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu watu wetu waingizwe. Ulikuwa mnene kama kitanda, wa kijivu. Kidawa alijifunga kanga vizuri, akajinusa kwapa kama mtu anayekwenda kumpokea msafiri, akaingia mbio huku akiita, "Machano! Weye Machano! Dada yako kasoma!"

Nikabaki kwenye benchi. Jua halikusogea. Niliishika rozari lakini sikujua niombe nini, kwa sababu chochote ambacho ningeomba, nusu yake ilikuwa ni kumwombea mtu afe. Nikawa nazisogeza shanga tupu, moja, moja, moja.

Sauti yake ikaja kutoka ndani, imepitia risasi, imekuwa nyembamba.

"Shoga! Humu mna mtu mmoja tu!"

Nikaacha kusogeza shanga.

"Kavaa sweta ya kike, ya maua! Nakuambia kakonda huyu, kawa kama uzi. Ananishika mkono haniachii. Anamwita Perpetua. Perpetua ndiye nani?"

Herufi zote nane. Zilinirudia kwa pamoja, zikanipiga kifuani kama mtu anayerudishiwa mzigo aliousahau, na pamoja nazo sauti yake, na chumvi ya kiganjani, na kovu la upande wa kushoto. Neno la shukrani likapanda lenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini na mitatu, likafika hadi kwenye meno. Hapo nikausikia uzito wake. Nikafunga mdomo. Likalala juu ya ulimi, la kijivu, baridi, nami sikuweza kulitema wala kulimeza.

"Shoga, unanisikia? Wa kwangu simwoni. Nimezunguka vyumba vyote. Machano simwoni." Kisha, kwa ile sauti ndogo ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, nje ya ghala, siku nilipomwambia kwamba anaiba:

"Nilikosea wapi?"

Nikainuka, nikaenda mpaka kizingitini, na kwa uzito ule wote mdomoni nikamjibu.

"Hukukosea, Kidawa. Ulipata."